Nshalipa kodi na risiti ninayo, mbona bado naambiwa nadaiwa?

Shikamoo Ami,

Mimi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Likoni, nina miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Saa hii ni saa sita usiku, mume wangu amelala, na mimi niko na simu mkononi nasoma meseji ile ile moja kila mara kama vile nikiisoma tena itabadilika. Inasema nadaiwa kodi ya mapato ya mwaka 2024 shilingi 31,635. Ami wallahi mimi nshalipa, tena nililipa kabla ya siku ya mwisho.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mbali na mshahara wa shule nilipata kazi ya shirika moja, kutafsiri fomu zao na kwenda Msambweni na Lunga Lunga kuhoji wamama. Jumla walinipa kazi ya 150,000 lakini kila wakilipa walikuwa wanakata asilimia 5, kwa hiyo zikakatwa 7,500 na cheti chake nikatumiwa. Mwalimu mwenzangu akanambia hiyo 5% ndio kodi yenyewe, ishaisha, usijisumbue. Nikakaa na amani yangu.

Juni nikaenda saiba kufaili ritani. Yule kijana akaingiza P9 ya shule (karatasi ya mshahara na kodi iliyokatwa mwaka mzima), akaingiza pesa za shirika, akatoa gharama zangu 30,000 (nilitengeneza laptopu na kuchapisha madodoso, ankara za kielektroniki za eTIMS ninazo), akaingiza na ile 7,500. Mwisho ikatokea nadaiwa 28,500. Nilihisi miguu haina nguvu. Sikuwa na hiyo pesa, nikakopa kwenye chama chetu na nimeahidi kurudisha kabla Desemba, na mume wangu sijamwambia mpaka leo. Kijana akanitolea PRN, ile nambari ya kulipia kodi, nikalipa kwa M-Pesa pale pale, ilikuwa Jumamosi tarehe 28 Juni 2025. Nikachapishiwa karatasi ya kuonyesha ritani imepokelewa, nikaiweka kwenye faili ya vyeti vya watoto, nikasema alhamdulillahi nimemaliza.

Sasa Oktoba hii chuo kimoja cha umma kimeniita kwa kazi. Wanataka vyeti vyote kabla mwezi kuisha, pamoja na cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi. Nikaomba kwenye iTax, ule mtandao wa kodi, nikakataliwa, na baadaye ndio ikaja hiyo meseji. Nikaingia na rafiki yangu kwenye leja, yaani orodha ya madeni na malipo yangu, hatukuelewa kitu. Upande wa 2024 kuna deni la 28,500 na vitu vingine vidogo vidogo juu yake, halafu chini huko mwaka 2025 kuna 28,500 nyingine iko peke yake. Rafiki yangu akasema hiyo ya 2025 ni pesa yangu imezidi, niombe nirudishiwe. Kaka yangu anasema nisilipe chochote, nisubiri serikali itangaze msamaha kama ule mwingine. Na kuna jamaa kwenye grupu la WhatsApp la walimu anasema nimtumie 6,000 na neno langu la siri la iTax atanisafishia leja kwa siku mbili.

Ami, pesa yangu iko wapi? Nalipa mara ya pili? Na ni kweli wanaweza kuenda benki wakachukua mshahara wangu? Agosti shirika lile lile wamenipa kazi nyingine ya 100,000 na saa hii naogopa hata kuigusa.

Mwalimu wa Likoni

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza lala. Pesa yako haijapotea, na hulipi mara ya pili. Hiyo 31,635 unayoiona si deni lako la kweli. Kwa hesabu niliyoipiga kutokana na ulivyonieleza, deni lako la kweli ni shilingi 1,995, na ntakuonyesha imetoka wapi mstari kwa mstari, ili hata ukifika kwenye kaunta uweze kuisema mwenyewe bila kutetemeka.

Nianze na pesa yako iko wapi maana hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Unapolipa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, pesa haiendi tu "kwa KRA" halafu wao wakatafuta wewe unadaiwa nini. Inafuata ile PRN. Na ile PRN wakati inatengenezwa kuna mtu alichagua mambo matatu: ni kodi gani, ni malipo ya aina gani, na ni ya mwaka gani. Kwa kesi yako ilitakiwa ichaguliwe kodi ya mapato ya mtu binafsi, malipo ya kujikadiria mwenyewe (yaani ile inayotokana na ritani uliyofaili), mwaka 2024. Kijana wa saiba, na naamini hakukusudia ubaya, alikuwa yuko mwaka 2025 akilini, akachagua malipo ya awamu ya mwaka 2025, yaani kodi inayolipwa mapema kwa mwaka ambao bado unaendelea. Mfumo ukatii, ukaipokea 28,500 yako vizuri kabisa na kuiweka kwenye chumba cha 2025, na chumba cha 2024 kikabaki kinadai. Ndio maana unaona kiasi kile kile mara mbili, huku ni deni na huku ni akiba yako, na hakuna aliyewaambia wajuane.

Ile karatasi uliyoiweka na vyeti vya watoto ni ya kweli lakini inasema jambo moja tu, kwamba ritani imepokelewa. Haisemi kodi imelipwa. Watu wengi sana wanachanganya hapa na mimi huwa naumia nikiona, kwa sababu mtu anatoka saiba amebeba karatasi ina nembo na tarehe anaona amemaliza kila kitu. Kufaili ni kueleza ulipata nini na kodi yake ni kiasi gani. Kulipa ni shughuli nyingine. Na mahali hizo mbili zinapokutana ni kwenye leja, kwa hiyo ukishafaili na kulipa, subiri siku chache urudi ufungue leja uone kama zimekutana. Ungefungua Julai ungeliona hili mapema, lakini hukuambiwa na mtu, si kosa la kujilaumu nalo.

Sasa hizo "vitu vingine vidogo vidogo". Hapa kuna jambo ambalo ata usingekosea mwaka lingekupata, na ningependa kila mtu mwenye kazi ya pembeni alijue. Siku ya mwisho ya kufaili ni 30 Juni. Siku ya mwisho ya kulipa salio la kodi SI 30 Juni, ni 30 Aprili, yaani mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka kufungwa. Kila mwaka mwezi wa sita kuna kelele redioni na foleni saiba na watu wanaposti siku zimebaki ngapi, na Aprili kimya, inapita bila mtu kuitaja. Mtu mwenye mshahara tu haimgusi kwa sababu mwajiri anakata kodi ya mshahara (PAYE) kila mwezi na mwisho wa mwaka ritani yake inatoka sifuri. Lakini wewe uliyekuwa na kazi ya shirika, deni lako la 28,500 lilikuwa limeshaiva tangu 30 Aprili 2025, hata kama ulikuwa hujajua kiasi chake.

Kwa hiyo tarehe 28 Juni ulikuwa umewahi kufaili, faini ya kuchelewa kufaili haikuhusu kabisa (hiyo kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa), lakini ulikuwa umechelewa kulipa. Kuchelewa kulipa kuna vitu viwili. Kuna faini ya asilimia 5 ya kodi, mara moja tu: 28,500 mara 5% ni 1,425. Halafu kuna riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi: Mei mmoja, Juni wa pili, yaani asilimia 2 ya 28,500 ambayo ni 570. Jumlisha 1,425 na 570 upate 1,995. Hilo ndilo deni lako.

Na ile 31,635 imetokaje? Kwa sababu mfumo unaona hujalipa chochote kwa 2024, riba imeendelea kutembea, Mei mpaka Oktoba ni miezi sita, asilimia 6, ni 1,710. Chukua 28,500 weka 1,425 weka 1,710, utapata 31,635 kamili, hakuna senti ya ajabu. Mimi hesabu kama hii huwa inanipa raha kidogo, kwa sababu ikishafika kamili hivyo unajua hakuna deni jingine limejificha la mwaka mwingine, ni hili tu moja.

Turudi nyuma kidogo kwa yule mwalimu mwenzako na ile 5%. Alikosea lakini wako wengi wanaoamini hivyo. Asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya kazi za kitaalamu kwa mkazi wa Kenya si kodi ya mwisho, ni sehemu tu imechukuliwa mapema na shirika kwa niaba yako. Mwisho wa mwaka mapato yote yanawekwa kwenye kapu moja. Kodi yetu inapanda ngazi: 288,000 za kwanza kwa mwaka ni 10%, 100,000 zinazofuata ni 25%, na kutoka hapo mpaka milioni 6 ni 30%. Mshahara wako wa shule ushazijaza ngazi mbili za chini peke yake, maana yake ni kwamba shilingi yoyote ya pembeni inaanzia kwenye 30%. Kazi ya shirika 150,000 toa gharama 30,000 inabaki 120,000. Asilimia 30 yake ni 36,000. Toa 7,500 walizokukatia. Ndio hiyo 28,500. Kwa hiyo kijana wa saiba hesabu aliifanya sawa, na gharama alikutolea sawa, alikosea kwenye PRN tu. Na vizuri ulikuwa na ankara za eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi, ungekuwa unalipia 30% juu ya ile 30,000 pia, elfu 9 nyingine.

(Na kwa wanaosoma: kama shirika limekukata 5% na cheti hakijaonekana kwenye iTax, usingoje Juni. Wafuate. Wanatakiwa kuipeleka KRA ndani ya siku 5 za kazi tangu wakate. Wasipopeleka, ukienda kufaili utaikosa ile haki yako na utaonekana unadaiwa pesa ambayo ishatoka mfukoni mwako.)

Sasa la kufanya. Rafiki yako aliyesema uombe kurudishiwa, moyo wake ni mzuri lakini njia hiyo ni ndefu na haikufai. Ombi la kurudishiwa pesa linakaguliwa, linachukua muda, na wakati unangoja deni la 2024 liko pale pale linapanda riba na cheti hupati. Wewe hutaki pesa irudi kwako, unataka ihame kutoka chumba cha 2025 iingie chumba cha 2024. Hilo ni ombi la kuhamisha malipo. Nenda mwenyewe, usitume mtu, Huduma Centre ya Mombasa au kituo cha kodi ambacho PIN yako, yaani nambari yako ya kodi, imesajiliwa, na uende asubuhi. Beba karatasi ya kupokelewa kwa ritani ya 2024, ile karatasi ya PRN uliyolipia, meseji ya M-Pesa (ichapishe kama unaweza, usitegemee simu, simu zinaanguka baharini), cheti cha ile 5%, na kitambulisho. Beba na barua fupi. Usiandike hadithi ndefu ya saiba na chama, andika kwamba tarehe 28 Juni 2025 ulilipa 28,500 kwa PRN nambari fulani, kwamba ilichaguliwa kimakosa kuwa malipo ya awamu ya 2025, kwamba ilikusudiwa kulipa salio la ritani ya 2024, na unaomba ihamishiwe huko KWA TAREHE ILE ILE YA MALIPO. Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, yapige mstari ata mara mbili. Pesa ikihamishwa ikahesabiwa kama imelipwa Oktoba, utabebeshwa riba ya miezi sita. Ikihesabiwa kama ilivyolipwa kweli, tarehe 28 Juni, riba inarudi kuwa ya miezi miwili, 570. Tofauti ni 1,140, na kwa mwalimu wa shule ya kibinafsi hiyo si pesa ya kuachia hivi hivi.

Mwombe yule afisa akupe nambari ya ombi lako au akugongee muhuri kwenye nakala ya barua. Ukirudi nyumbani usikae, ingia kwenye leja kila baada ya siku mbili tatu. Siku utakayoona 28,500 imeingia 2024, tazama kimebaki nini. Kinatakiwa kibaki faini 1,425 na riba 570. Hapo ndio utengeneze PRN mpya, wewe mwenyewe, na kabla hujabonyeza soma tena: kodi ya mapato ya mtu binafsi, mwaka 2024, mstari wa faini, mstari wa riba. PRN ina maisha ya siku 30, usitengeneze leo ukalipa mwezi ujao. Lipa kwa M-Pesa Paybill 222222 na sehemu ya akaunti uweke hiyo PRN. Nakwambia ungoje uhamisho kwanza kwa sababu ukilipa 1,995 leo wakati mfumo bado unaona unadaiwa kodi yenyewe, sheria ni kwamba malipo yanayopungua deni zima yanaanza kula kodi kabla ya faini na riba. Utakuwa umetia pesa na faini bado iko pale inakutazama, na leja ndio inazidi kukuchanganya.

Kisha omba cheti tena. Ukikipata kina uhai wa miezi 12 kwa hiyo hata nafasi nyingine ikitokea mwakani unacho. Na kama siku za chuo zinakaribia kuisha na uhamisho bado haujafanyika, wapelekee nakala ya barua yenye muhuri na uwaambie cheti kinashughulikiwa. Sina uhakika watakubali, ila nakala yenye muhuri inaonyesha hujakaa tu, na usiwafiche halafu wao wakagundua.

Kuhusu kaka yako na msamaha. Msamaha ule ulikuwepo kweli, uliongezwa muda na ukafungwa 30 Juni 2025, lakini ulihusu madeni ya mpaka 31 Desemba 2023. Deni lako ni la mapato ya 2024, usingeingia hata ungekuwa bado wazi. Halafu ulikuwa unasamehe faini na riba, kodi yenyewe mtu alilipa. Kukaa kungoja msamaha mwingine ambao haujatangazwa wakati riba inatembea na kazi ya chuo inapita, mwanangu, hapana.

Na huyo jamaa wa 6,000, nakuomba kama baba anayekupenda, usimjibu tena. Deni lako la kweli ni 1,995 na yeye anataka mara tatu yake, na juu ya hapo anataka neno lako la siri. Hakuna mtu wa nje anayeweza "kusafisha" leja. Anachoweza kufanya ni kuingia na kurekebisha ritani yako, afute yale mapato ya shirika iwe kama hukuyapata, leja ionekane nyeupe kwa muda. Lakini shirika lilishapeleka ile 5% kwa PIN yako, KRA wanaona ulilipwa, na siku wakilinganisha utakuwa wewe ndiye uliyedanganya, si yeye. Na kwa vile uko hapo hapo, badilisha neno la siri leo maana yule kijana wa saiba analijua. Si kwamba ni mwizi, ila analo yeye na yeyote atakayekaa kwenye ile kompyuta baada yake.

Umeuliza kama wanaweza kuchukua pesa benki. Sheria inawaruhusu, ndiyo, wanaweza kumwandikia benki au hata mwajiri notisi kwamba pesa ya huyu mtu mtuletee sisi. Sikufichi. Lakini hilo huja baada ya mtu kuandikiwa na kunyamaza na kuandikiwa tena. Wewe wiki hii unaenda kusimama mbele yao na risiti mkononi. Na kwa msomaji ambaye deni lake ni la kweli na hana, kuna njia ya kuomba kulipa kidogo kidogo, unaomba kwenye iTax unaeleza utalipa kiasi gani kwa miezi mingapi. Riba inaendelea ila haiwezi kuzidi kodi yenyewe, na wewe unakuwa mtu mwenye makubaliano badala ya mtu anayekimbia.

Nije kwenye kazi ya Agosti, usiiogope. Ni 100,000, wamekata 5,000. Tuseme gharama zako zenye ankara ni 20,000, faida ni 80,000, asilimia 30 yake ni 24,000, toa 5,000, salio ni 19,000. Hiyo 19,000 siyo yako hata kama iko kwenye simu yako. Itoe leo uiweke mahali ambapo mkono haufiki kirahisi, na uilipe kabla 30 Aprili 2026, si Juni. Tengeneza PRN ya kujikadiria ya mwaka 2025 ukishafaili, na unaweza kufaili kuanzia Januari P9 ikitoka tu, hakuna anayekulazimisha kungoja foleni ya mwezi wa sita. Ukifaili Februari unajua kiasi chako mapema na una miezi miwili ya kujikusanya bila kwenda kukopa chama.

Kama kazi za shirika zitaongezeka mpaka ukaona kodi yako ya mwaka, ukishatoa zilizokatwa, itazidi 40,000, hapo utaingia kwenye zile awamu za kweli, robo robo, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwa sasa hujafika huko. Lakini sasa walau unajua ile sehemu kijana aliyoibonyeza kimakosa ilikuwa ya nini.

Nimebakisha mume. Hukuniuliza lakini umemtaja mara mbili kwenye barua moja, na mtu hataji jambo mara mbili usiku wa manane kama halimwelemei. Mwambie. Usimwambie usiku na usimwambie ukiwa na ile meseji ya 31,635 mkononi, utamtia hofu ya bure. Ngoja utoke Huduma Centre na nakala yenye muhuri, kaa naye, mwonyeshe hesabu kama nilivyokuonyesha: kodi ilikuwa 28,500, nilikopa chama nikailipa, iliingia mwaka mwingine, imeombewa kurudi, kilichobaki ni 1,995, na ya mwaka huu 19,000 nshaitenga. Mkopo wa chama unaweza kuwalemea mkiwa wawili kidogo kuliko unavyokulemea peke yako, na Desemba haiko mbali. Huyo ni mumeo, na pesa ile hukuila wala hukuihonga, ulilipa kodi.

Kaunta zinafunguliwa saa mbili asubuhi Jumatatu. Vuka na feri ya mapema. Ukipata nambari ya ombi niandikie, na leja ikisogea niandikie tena uniambie imebaki ngapi, nataka kuona kama itafika 1,995.

Ami